Zabibu za Chuma

Vumbi la Hombolo lina akili kuliko watu wengi. Ukilifungia mlango linapita dirishani. Ukifunga dirisha unalikuta ndani limeshakaa, linakungoja. Kwa hiyo kila siku baada ya masomo, Erica na Hamza wa darasa la sita walianza kwa kupangusa kompyuta mbili za klabu ya shule. Hapo ndipo walipowasha gemu yao.

Waliitengeneza wenyewe kwa msaada wa Mwalimu Munira, ili ionyeshwe Siku ya Wazazi. Ndani yake mlikuwa na mlinzi wa bwawa aitwaye Chuma, aliyewafukuza wezi wa samaki. Wezi walimtupia vidonge vya kulevya. Akimeza kimoja, Chuma aliruka ukuta kama panzi. Lakini punde si punde ukungu ulitanda kwenye kioo, miguu yake ikapishana, akatumbukia bwawani, na perege wakatoa vichwa majini kumcheka. Perege hao aliwachora Erica, na alijivunia sana meno yao.

Wiki moja kabla ya sherehe, akapita Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa kamati ya shule. Inasemekana sauti ya mzee huyu iliwahi kumwinua ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa.

"Mbukwenyi!" alinguruma mlangoni, akiwasalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa, Mzee. Shikamoo!" watoto waliitika.

Aliinama kutazama kioo wakati ule ule Chuma akimeza kidonge. Hakungoja zaidi.

"Mwalimu! Dawa za kulevya shuleni?"

"Ni mchoro tu, Mzee," alisema Mwalimu Munira aliyekuwa nyuma yao. "Subiri kidogo uone mwisho wake."

"Sitaki mwisho wala mwanzo! Ondoeni hicho kidonge, la sivyo gemu hii wazazi hawataiona."

Alipoondoka, Mwalimu Munira alikuna kichwa. "Kesho nina semina mjini. Msiguse kitu. Nikirudi tutakaa pamoja tufikiri."

Erica hakuona la kufikiri. Mwalimu alipokwenda mjini, yeye alikaa kwenye kompyuta, akafuta kidonge na mahali pake akachora kichala cha zabibu, zambarau na kizuri.

"Zabibu zimtumbukize mtu bwawani?" Hamza alimaka. "Erica, Mzee Bartolomayo analima zabibu! Atatutafuna bila chumvi."

"Basi tunautoa ukungu. Na kuanguka pia."

"Na perege?"

Erica aliwatazama perege wake kwa huruma. "Na perege."

Sasa Chuma alikula zabibu, akaruka, akashinda. Mambo yakawa safi. Mtu wa kwanza kuijaribu alikuwa Ritha, mdogo wake Erica, mtoto wa darasa la pili aliyekuja kumsubiri dada yake warudi nyumbani. Ritha naye alikuwa na shughuli yake Siku ya Wazazi: mbio za magunia. Kila alipofanya mazoezi alianguka.

"Dada, akila anaruka tu? Haumwi?"

"Haumwi. Anaruka tu," alijibu Erica bila kugeuka.

Kesho yake mchana, Ritha alikutwa kwenye shamba la Mzee Bartolomayo amekaa chini, anatapika, mikono imejaa majimaji ya zabibu hadi kwenye viwiko. Zabibu zile zilikuwa zimepuliziwa dawa ya wadudu asubuhi hiyo hiyo. Mama yake alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati. Muuguzi alisema wamemuwahi, akakaa naye hadi jioni ndipo akamruhusu. Huko nje habari ilikuwa imeshaota miguu. Kufikia magharibi, watu walikuwa wakisema mtoto amekula shamba zima pamoja na nguzo zake. Ukweli ni kwamba alikula vichala viwili.

Usiku ulipoingia, Mzee Bartolomayo alifika nyumbani kwao. Ritha alikuwa amejilaza kwenye mkeka, uso umemsinyaa.

"Pole ya mgonjwa nimeileta, Mama Erica," alisema. "Lakini wizi ni wizi. Akipona atasimama mstarini, shule nzima imjue."

"Sikuiba," Ritha alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kuruka."

"Kuruka uende wapi?"

"Msamehe, Mzee," mama alisema. "Homa hiyo inamsemesha."

Erica alijua si homa. Akisema, gemu itatupwa, na kazi ya muhula mzima itakwenda na vumbi. Akinyamaza, mdogo wake ataitwa mwizi mbele ya shule nzima. Ritha alimtazama tu, hakumtaja. Erica akasogea karibu na mkeka.

"Si homa, mama," alisema. "Ni gemu yangu."

Akaeleza yote: kidonge, kichala, ukungu alioutoa, na jibu alilompa Ritha bila hata kumtazama. Mzee Bartolomayo alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Hombolo hawakuwahi kuliona.

"Kesho mnionyeshe gemu hiyo," alisema mwishowe. "Ile ya kwanza."

Kesho yake Mwalimu Munira alikuwa amerudi. Alirudisha kidonge, ukungu na perege, na mzee akaketi, akibonyeza vitufe kama anayebangua karanga. Chuma akameza, akaruka.

"Ehee! Mmemwona huyo?"

Ukungu ukatanda. Chuma akatumbukia.

"Hawa samaki wanamcheka nani?"

"Wewe, Mzee," alisema Hamza. "Umemeza kidonge."

Alirudia, akatumbukia tena. Safari ya tatu alikiacha kidonge chini, akapanda ukuta kwa ngazi, polepole, akamkamata mwizi. Akajifuta jasho.

"Mtoto hatasimama mstarini," alisema. "Mimi niliona kidonge nikakimbia, sikungoja kuona mtu anavyoanguka."

Mwalimu Munira alimgeukia Erica. "Na wewe uliificha hatari ndani ya kitu kizuri, ukafuta madhara yake. Ritha akabaki na utamu peke yake. Jambo baya halipungui kwa kuvalishwa sura nyingine, Erica. Mweleze mwenzako ukweli wote, hasa aliye mdogo kwako. Na ukiona kazi ni nzito, subiri tusaidiane, usikate njia."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Erica, na jioni hiyo alimwomba Ritha radhi.

Siku ya Wazazi gemu ilionyeshwa nzima, ikiwa na kidonge, ukungu na perege. Ritha alishika mkia kwenye mbio za magunia, ila alifika. Mzee Bartolomayo akamwendea na kikapu cha zabibu.

Ritha aliweka mikono nyuma.

"Shikamoo, babu. Zimepuliziwa lini?"

Mzee alicheka, na inasemekana ng'ombe wote waliolala Hombolo walisimama.