Wazee Waliokataa Kuketi

"Karibuni mketi."

"Hatuketi, Mzee Gebeyehu. Tumekuja kumwombea kijana wetu binti yako. Tukipata jibu, ndipo tutaketi."

Wazee watatu, shuka nyeupe mabegani, wamesimama sebuleni kwetu hapa mjini Dessie. Binti mwenyewe ndiye mimi, Hirut, miaka ishirini na saba, nimejibanza mlangoni mwa jiko roho mkononi. Simu ikatetemeka. Natnael wangu huyo, anasubiri kona ya mtaa.

"Wameketi?"

"Bado, mpenzi. Omba Mungu."

Kwetu wenye babu mmoja ndani ya vizazi saba hawaoani. Baba akauliza, "Mababu zake saba ni nani?"

Mzee Kassahun, mkubwa wao, akakohoa. "Tunao wa upande wa mama tu. Baba yake aliondoka kijana akiwa tumboni."

"Sasa nitajuaje kama si damu yetu? Binti yangu haolewi na mtu asiyejua alikotoka. Nimemaliza!"

Uvumilivu ukaniishia. Nikatoka.

"Baba, wazazi wake wote wawili ni wa Jimma, mbali kabisa na hapa! Sisi huko hatuna hata shangazi!"

"We! Nani kakuita? Nyumba hii nasema mimi!"

"Siku zote unasema wewe! Chuo ulichagua wewe, kazi ulichagua wewe. Huyu nimemchagua mimi. Nampenda, baba. Ukimfukuza, na mimi sina tena wa kuolewa naye."

Baba akainuka, mishipa imemtoka. Mama alikuwa pembeni anakaanga kahawa, kimya kama kawaida yake. Akaepua kikaango.

"Gebeyehu."

Tukashtuka wote. Maisha yangu yote sijasikia mama akimwita baba kwa jina mbele za watu.

"Hebu taja wa kwako saba."

"Mbele ya wageni, mama Hirut?"

"Taja."

Akataja watano harakaharaka. Wa sita akamkwama kooni.

"Nikukumbushe? Wa sita na wa saba nilikutungia mimi, kule kisimani, siku moja kabla wazee wako hawajaja kwetu. Ulikuwa unalia."

"Sikulia!"

"Ulilia, na kamasi juu."

Mzee Kassahun akaficha uso kwenye shuka, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Nilimdanganya baba yangu kwa sababu nilikutaka," mama akasema taratibu. "Miaka thelathini sijajuta hata siku moja. Usinifanye nianze leo."

Baba akamtazama mama. Macho yakamlowa. Kisha akavuta viti kwa mikono yake mwenyewe.

"Ketini, jamani. Binti ni wenu."

Sikumbuki nilivyofika kona ya mtaa. Nakumbuka tu nilimvuta Natnael kwa mkono hadi ndani, kiatu kimoja kimenitoka. Akainama abusu magoti ya baba. Baba akamdaka kabla hajafika chini, akamkumbatia.

"Wasikusumbue tena na mambo ya mababu," akamwambia. "Wajukuu zangu wataanza kuhesabu kwako, mwanangu."

Natnael akaangua kilio. Baba naye akalia, na safari hii hakukana.