Juisi ya Nasike

Haya yalimpata rafiki yangu Nasike, fundi wa nguo pale Kitale.

Nyanya yake aliishi Naitiri, na kila Krismasi alimkorogea juisi ya machungwa katika kikombe cha enameli kilichobanduka ukingoni, akakifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye shanga.

"Hiyo ni ya Nasike, mtu asiguse," aliwaonya wajukuu wengine. Ikangoja hadi mwenyewe afike.

Baadaye Nasike akawa mtu wa simu tu. "Kukhu, nakuja," alimwambia nyanya yake. Hakwenda. Hata nyanya alipofariki, alifika mazishini kaburi limeshafukiwa.

Mwezi uliopita alienda kuchukua vyombo vya zamani kabla nyumba haijabomolewa. Binamu yake Makokha akampa ufunguo.

"Hiyo jikoni hatujafungua tangu tumzike, bana. Ingia tu, mimi nafunga ng'ombe."

Ndani giza lilikuwa zito, madirisha yamezibwa kwa mabati. Nasike alikuwa akipapasa rafu, ashushe jagi na chungio, aliposikia kijiko kikikoroga ndani ya kikombe. Kling. Kling. Taratibu, kama cha mtu asiye na haraka.

"Makokha, si uache mchezo!"

"Ati nini?" Makokha akaitika kutoka mbali, kule zizini.

Kijiko kikaendelea kukoroga.

"Kukhu," Nasike akanong'ona, "nimekuja."

Kijiko kikalazwa mezani.

Akatoa simu mkobani, akawasha tochi. Kikombe kilikuwa pale, kimefunikwa, shanga zikitikisika. Akainua kitambaa.

Juisi ilijaa hadi ukingoni, na bado ilikuwa inazunguka.