Mlango wa Nyuma wa Kanisa

Uvumi ulikuwa huu: Curt Lindquist ana mwanamke. Ameonekana kila Jumamosi mchana akiingia kwa mlango wa nyuma wa kanisa, kichwa chini kama mwizi wa kuku.

Binti yake, Britta, aliusikia kila asubuhi kwenye basi la shule.

"Baba yako ameokoka lini?" Kirsten alimchokoza kutoka kiti cha nyuma. "Au anasali na mtu?"

"Funga domo lako!"

Lakini uvumi ulimganda kama theluji kwenye soli ya kiatu. Baba hakuwa mtu wa kanisa, alikuwa mtu wa bia. Siku ya kuzaliwa ya Britta aliiangukia keki mbele ya wageni, kisha akailaumu meza. Tangu hapo aliapa kuwa ameacha. Britta hakusadiki. Pombe humfundisha mtu uongo kabla ya kumfundisha kuyumba.

Jumamosi alimfuata. Alishuka ngazi za nyuma ya kanisa, akachungulia. Mle ndani hakukuwa na mwanamke wa siri. Kulikuwa na viti vya kukunja vilivyopangwa duara, birika kubwa la kahawa, na watu wazima wenye nyuso za uchovu. Baba akainuka.

"Naitwa Curt. Mimi ni mlevi."

"Karibu, Curt," wakaitikia wote, kama darasa la kwanza linalomwamkia mwalimu.

Britta alibana kicheko. Ndio watu wazima hawa? Karibu na mlango aliketi Noreen, mama wa duka la maua, koti zito limefungwa vifungo vyote, tayari kukimbia. Na aliyekuwa akimimina kahawa ni Bi Janelle, dereva wa basi lao la shule! Ukutani palikuwa na kibao: "Uliyemwona hapa, hukumwona." Britta alikisoma, akakipuuza.

Jumatatu, Kirsten alipoanza tena, Britta alimkata kauli.

"Baba hana mwanamke! Anakwenda mkutano wa walevi wanaotaka kuacha. Bi Janelle naye yumo. Hata Noreen wa maua, amejifunika koti kama gunia la viazi!"

Vichwa vyote vikageukia kiti cha dereva. Kwenye kioo cha dereva, macho ya Bi Janelle yalimtazama mara moja, kisha yakarudi barabarani.

Kufikia jioni mji wote ulikuwa na habari. Mji ule hauna sinema, kwa hiyo hutazama majirani.

Jumamosi iliyofuata baba alirudi mapema, uso umemwiva.

"Viti vitupu," alisema. "Kuna mtu ametutaja. Sirudi tena kuanikwa kama nguo."

"Baba, ni mimi niliyesema."

Curt alimtazama kana kwamba ni mtoto wa jirani. Akachukua funguo za gari, akatoka. Gari likakata kona ya kwenda baa.

Britta alikimbia hadi kwa Bi Janelle, akamkuta akizoa theluji mlangoni.

"Nisamehe, Bi Janelle! Baba amekwenda baa!"

"Samahani yako niifanye nini, niipake kwenye mkate?" Bi Janelle alichomeka koleo kwenye theluji. "Mimi ngozi yangu ngumu. Sijagusa pombe tangu kabla hujazaliwa, na mkuu wa shule anajua. Lakini Noreen ilimchukua mwaka mzima kuthubutu kushuka zile ngazi. Wewe umemfukuza kwa sentensi moja, ili umshinde Kirsten. Kirsten! Mtu ambaye hata paka wake hamsikilizi!"

Alitoa simu, akapiga nambari ya kikundi, akauliza mkutano mwingine ulipo. Upo alasiri hiyo, mji wa pili, kwenye jengo la zimamoto, na jamaa wanaruhusiwa.

"Panda garini. Mdomo uache nje."

Walipita duka la maua kwanza. Britta aliomba radhi, akataja mahali pa mkutano. Noreen alimpa mgongo, akaendelea kukata mashina.

Curt walimkuta nje ya baa, ndani ya gari, injini inanguruma.

"Umeshaingia?" Bi Janelle aligonga kioo.

"Bado."

"Unangoja wakuletee?"

"Watu wanajua, Janelle."

"Walijua pia ulipolala kwenye keki! Hukuona haya kulewa mbele yao, leo unaona haya kupona?"

Curt akazima injini, akahamia gari la Bi Janelle.

Mkutano ulipoanza alisimama. "Naitwa Curt," akasema. Mlango ukafunguka nyuma yake. Noreen aliingia, akaketi kiti cha mwisho, koti mwilini. Britta alimpelekea kahawa bila neno. Noreen aliipokea bila neno. Baadaye akafungua kifungo kimoja.

Njiani kurudi, Bi Janelle alisema, "Anayetafuta msaada ameshajicheka vya kutosha. Na jina la mtu si peremende, uligawe kwenye basi. Haya, sema utaepuka nini."

Britta alihesabu kwa vidole:

Kumcheka mtu anayejaribu kupona.
Kumtaja niliyemwona mkutanoni, hata kwa rafiki.
Kuzima uvumi mmoja kwa kuwasha mwingine.
Kubishana na Kirsten.

"Na glasi ya kwanza," baba aliongeza kutoka kiti cha nyuma.