Siku Niliyojipunguzia Mahari

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne, ni Meja katika jeshi la majini, na sijaolewa. Mambo hayo matatu watu wa kwetu Malinya huyataja kwa pumzi moja, kana kwamba moja ndilo lililozaa mengine. Labda ni kweli... Nisomeni kwanza.

Niliingia jeshini nikiwa msichana mwembamba aliyemaliza shule bila pa kwenda. Kijijini waliamini nimeajiriwa kuogelea. Ukweli ni kwamba bahari nimeiona zaidi kupitia dirisha la ofisi, kule Mombasa. Kazi yangu ni chakula na vifaa: unga, maharagwe, kamba, sabuni. Mabaharia walienda na kurudi, mimi nikabaki nikibishana na wauzaji. Nilihesabu magunia yakiingia, kisha nikayahesabu tena mwenye mali akiwa ameshachoka na kuanza kusema kweli.

Hivyo ndivyo nilivyopanda cheo, pole pole, huku wasichana tulioingia pamoja wakiondoka mmoja mmoja kwenda kuolewa. Enzi zetu, aliyetaka cheo aliiambia ndoa ingoje. Mimi niliiambia ingoje hadi ikanisahau.

Halafu akaja Bonface.

Alikuwa mkulima kutoka Lugari, aliyefiwa na mke, na alifika kambini kuuza mahindi. Niliuma punje moja nikamwambia hayajakauka. Naye akachukua punje, akaiuma, akasema, "Madam, yamekauka. Ni meno yako yamezoea wali."

Tulibishana asubuhi nzima. Mwishowe mimi nilimshusha bei, naye akanishusha kiburi. Baada ya hapo alikuja mara nyingi, hata bila mahindi. Hakuniomba niache kazi. Alisema shamba halitatoroka, atangoja nistaafu. Nani mwingine angemwambia hivyo mwanamke wa umri wangu? Nilimpenda, wasomaji. Nilimpenda kwa uchovu, kama mtu anavyopenda kiti baada ya safari ndefu.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mambo ya mahari yakawa mikononi mwa Baba Mdogo. Huyu hufuga fahali wa kupigana, na kila kitu hukitazama kana kwamba kina pembe. Nikachukua likizo, nikaja nyumbani.

Kwetu wazee hujadiliana kwa vijiti. Kila kijiti ni ng'ombe mmoja. Upande wa msichana unaviweka mezani, upande wa mwanamume unavipunguza, vinarudishwa, vinapunguzwa tena. Bibi harusi hakai hapo. Hukaa jikoni akisikiliza kupitia ukutani, kama mzigo unaongoja mnunuzi.

Siku Bonface alipofika na wazee wake, nilikuwa jikoni na Senge Rasoa, dada yake baba, tukipika ingokho. Kuku hao wangeliwa baada ya mapatano. Imondo, yaani firigisi, tulimwekea mjomba wa Bonface aliyekuwa msemaji wao. Kwetu kila mwanamume anajua imondo ni haki yake, na kila mwanamke anajua si yake.

Nikamsikia Baba Mdogo. "Huyu si mwalimu wa nasari," alisema. "Huyu hupigiwanga saluti na wanaume wenye ndevu. Kila kitu kinachong'aa begani mwake ni ng'ombe."

Akaanza kuongeza vijiti. Nadhani alihesabu hata vifungo.

Mjomba wa Bonface akajibu kwamba wao walikuja kutafuta mke, hawakuja kununua meli. Watu wakacheka. Kicheko hicho nakijua. Ni cha mnunuzi anayeanza kutafuta mlango.

Nilihesabu vijiti kwa mlio wake mezani. Nikahesabu tena. Vilikuwa vingi kuliko zizi la Bonface, na zizi hilo nalijua. Senge akanishika mkono. "Kaa, mama. Wanaume hupandanga juu, halafu hushuka wenyewe. Wacha harufu ya kuku iwashushe."

Laiti ningemsikia! Lakini maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kushusha bei, na bei ya kijinga ilikuwa nyuma ya ukuta huo. Nikafuta mikono, nikaingia sebuleni, nikaviondoa vijiti kimoja kimoja mpaka vikabaki vinne. Nikasema, kwa sauti ile ya kazini, kwamba hivyo vinatosha, tule.



Mjomba wa Bonface aliviangalia vile vinne, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia Baba Mdogo. "Mzee mwenzangu," akauliza taratibu, "huyu binti ana ugonjwa gani?"

Simlaumu sana. Mimi pia nikiona muuzaji anajishusha bei haraka hivyo, gunia nalifungua mpaka chini.

Nilimtazama Bonface. Nilihitaji sentensi moja tu. Aseme ananijua. Aseme mimi ni mzima, na kwamba tumeelewana. Yule aliyebishana nami asubuhi nzima kwa sababu ya punje ya mahindi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mjomba akasimama, akasema watazungumza zaidi wakiwa kwao. Wote wakasimama. Mlangoni Bonface alisema, "Nitakuja," bila kugeuka. Hawakugusa chakula. Kwetu mgeni akiondoka bila kuonja ingokho, amemaliza kusema.

Hakuja. Nilirudi kazini, na kabla ya mavuno nikasikia ameoa msichana wa Lurambi. Wazee wa msichana huyo waligombania mahari yake kutwa nzima, na yeye akatulia jikoni. Baba Mdogo anasema nimempotezea ng'ombe. Wanawake kanisani huniuliza kwa upole kama dawa zangu zinanisaidia.

Dada zangu, hasa ninyi wenye vyeo, msingoje siku ya vijiti ndipo mseme. Kaeni na wazee wenu mapema, wajue mnachotaka. Na huyo mwanamume mnayempenda, muulizeni mkiwa wawili tu: siku watu wako wakinitilia shaka, wewe utasema nini? Mimi nilimkagua Bonface mara mbili: shamba, zizi, pombe, hasira. Sikuwahi kukagua kama ana sauti mbele ya watu wake. Tafadhali, msifuate njia yangu.

Siku ile, walipokwisha kuondoka, Senge alinisogezea sahani yenye imondo. "Kula," alisema. "Mwenyewe ameenda."

Nikala. Ilikuwa ngumu, ilikuwa imepoa, na haikuwa na utamu wowote ule ambao wanaume walitufanya tuuamini miaka hii yote. Lakini niliimaliza.