Chini ya Madhabahu

Ibada ya asubuhi ilikuwa imemalizika, na waumini walikuwa wakimiminika langoni, pale mwanafunzi wa historia alipowapita akielekea ndani, macho juu, akilitazama dirisha la vioo vya rangi. Ndivyo alivyoikumba ngazi ya fundi vioo. Fundi aling'ang'ania fremu, akajiweka sawa, akateremka taratibu na ovaroli yake yenye madoa ya gundi.

"Dada, dirisha hili limekaa miaka yote bila kuua mtu. Ulitaka lianze na mimi?"

Mwanafunzi aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Alikuwa amevaa gauni la buluu lililonyooshwa vizuri kwa pasi, na moyo wake ulikuwa mwepesi wa kuogopa: ndiyo kwanza afike mji mkuu, peke yake, kutazama makanisa ya kale na kurudi kwa basi la jioni. Fundi akajitolea kumpeleka kanisa la jirani. Njiani alimtania kwamba anatembea kama anayefukuzwa. Walipeana namba, na kabla ya adhuhuri alikwisha kumwita mrembo, naye hakukataa.

Walikuwa wameketi kwenye benchi la kanisa hilo la pili simu ya fundi ilipoita. Akainuka, akageukia ukuta, akapunguza sauti.

"Mwenzangu, wewe kula tu, usinisubiri. Nimekwambia nakuja, mwenzangu."

Neno hilo lilimchoma mwanafunzi. Nyumbani kwao, mama hakuwahi kumwita baba kwa jina jingine. Hakuuliza wala hakuaga. Fundi alipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Mwanafunzi alikwenda moja kwa moja hadi kanisa kuu, lililo kongwe kuliko yote. Simu ikaita, akaikata. Ikaita tena, akaikata. Aliteremka ngazi za mawe mpaka kwenye chumba cha makaburi ya maaskofu, chini ya madhabahu, akajibanza nyuma ya nguzo ili alie bila kuonekana. Alikuwa bado anafuta machozi aliposikia mlango wa chuma ukigonga fremu huko juu. Kufuli likalia. Taa zikazimika.

Alipapasa hadi mlangoni, akapiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeitikia. Nyuma yake giza lilikuwa na baridi na harufu ya udongo mbichi, na kila alipotulia alihisi kwamba kuna mwingine naye aliyetulia. Chaji ya simu ilikuwa ukingoni. Katika mji ule wote alijua namba ya mtu mmoja tu.

"Usikate," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Nimefungiwa kanisa kuu. Huku chini, makaburini."

"Nakuja. Zungumza nami, mrembo. Nitukane ukipenda."

"Mkeo hatakasirika?"

"Mke gani?"

"Huyo mwenzako uliyemwambia ale."

Fundi alikuwa anahema, kwa maana alikwisha kuanza kukimbia. "Mwenzangu wa kazi huyo! Ananishikia ngazi. Ana ndevu mpaka hapa kifuani, na sasa hivi ananifuata huku analalamikia magoti."

Mwanafunzi alitaka kucheka, lakini simu ikazimika.

Sasa hakuwa na sauti ya kushika wala mwanga wa kutazama. Aliketi kwenye ngazi, mgongo ukiwa umebanwa mlangoni, akisali ovyo ovyo. Kitu kikakwaruza sakafu huko kwenye makaburi. Akaruka, akakosa ngazi, akaporomoka hadi chini, na hapo hakuthubutu tena hata kujikuna.

Hatimaye funguo zikalia. Mlango ulifunguka, na mtunza kanisa akasikika akihangaika na swichi iliyogoma. Mtu akateremka gizani, polepole mno, akiparaza ukuta, mpaka mkono ukalipata bega lake.

"Ni mimi," fundi alinong'ona. "Umeumia?"

"Hapana."

Kutoka juu ilishuka sauti nzito ya mzee, yule mshika ngazi. "Binti, mpokee huyo. Mnarani hupanda akiimba, lakini huko kwa wafu tumemsihi mwaka mzima ateremke, amekataa katakata."

Hapo ndipo mwanafunzi alipogundua kwamba mkono ule ulikuwa unatetemeka kuliko wake. Akauchukua, akaubana kwa viganja vyote viwili.

"Nishike vizuri," alimwambia. "Ngazi ya kwanza hii hapa."