Mishipa Niliyoiacha

Kila Jumamosi nikishafua soksi zangu, huketi kando ya mama sebuleni kwetu Woodley, Nairobi, nimtazame akichora macho. Ndiyo kazi yake. Ofisi moja ya Westlands humtumia picha za sehemu ya nyuma ya jicho, naye hupitisha kalamu ya kompyuta juu ya kila mshipa wa damu. Michoro hiyo huifundisha kompyuta kuitambua mishipa yenyewe, ili imsaidie daktari.

Jumamosi moja nyanya yangu, Susu Kalekye, alipiga simu. Alikuwa amefika mjini kutoka Machakos, mama aende kumpokea. Picha tano zilikuwa zimebaki, na zilitakiwa kabla ya saa sita. Mama alisita, kisha akanipa kalamu.

"Kasyoka, umeniona nikifanya. Nimalizie hizi, halafu utume. Usiache hata mshipa mwembamba kama unywele."

Picha ya kwanza niliichora vizuri. Ya pili, mkono ukaanza kuuma. Huko nje rafiki yangu Debra akapaza sauti, "Kasyoka, kwani umefungwa jela? Tunacheza mpira wa kati, na timu yetu inapigwa!" Nikajiambia kwamba mishipa mikubwa inatosha. Katika picha nne zilizobaki nilichora ile minene tu, nikatuma, nikatoka mbio.

Jumatatu, Bwana Were, mkubwa wa mama kazini, alipiga simu. Mama alisikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema picha nne za Jumamosi zimekosa mishipa. Zile tano nilizokuachia, ulichora mishipa yote?"

"Ndiyo, mama."

Aliniamini. Akamwambia Bwana Were, "Basi ni mimi niliyekosea. Samahani sana." Alipokata simu alisema kazi yake yote ingekaguliwa upya, na huenda asipewe nyingine. Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote nyumbani, nikachukua kikombe changu cha chai nikaenda kukiosha jikoni.

Jumatano tulimpeleka Susu kliniki mjini, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari na macho yalikuwa yakimsumbua. Daktari Lornah alipiga picha ya jicho lake. Punde si punde, mistari ikajichora kwenye skrini, minene kwa myembamba.

"Kompyuta ndiyo imechora," daktari akaeleza. "Sukari huanza kuharibu hii mishipa midogo. Hapa imeanza kuvuja, lakini tumewahi. Tutakutibu."

"Mungu ambariki aliyeifundisha," Susu akasema.

Nilihisi aibu mwili mzima. Je, kama aliyeifundisha angekuwa mtu kama mimi? Tulipotoka tu chumbani, nikaangua kilio.

"Mama, ni mimi! Nilichora minene peke yake nikaenda kucheza. Halafu nikakudanganya."

Palepale kwenye korido, mama akampigia Bwana Were.

"Zile picha nne zilichorwa na mtoto wangu. Mimi ndiye niliyempa kazi isiyo yake."

Bwana Were hakufurahi, tena alimkemea. Lakini picha zilikuwa hazijatumiwa kuifundisha kompyuta. Akamruhusu azichore upya, na akamwonya asimwachie mtu mwingine kazi yake tena.

Alasiri hiyo mama alichora, nami nikiwa kando yake, mikono mapajani. Debra aliita hadi akachoka. Susu akavuta kiti karibu nami.

"Mjukuu wangu, kumwacha mama yako abebe kosa lako siku tatu ni kubaya kuliko kosa lenyewe. Ukikosea, sema mapema. Na kazi ya mtu usiyemjua, ifanye kama ya mtu wako. Wewe hujui lile jicho ni la nyanya ya nani."

Niliinamisha kichwa. Nilipokiinua, niliona kamstari kembamba pembeni mwa picha.

"Mama, na mshipa ule pale?"

"Nimeuona," mama akasema, akauchora.