Ziro ya Mutoto wa Mugongoni

Kulipopambazuka, wavuvi wa Nchelenge walilikuta bwato la abiria, lililokuwa likienda Kilwa ng'ambo ya ziwa, limepinduka karibu na ufuko, na maiti zimetapakaa kwenye matete. Sajini Nkonde alimtambua mke wake, Emilienne, kwa kitambaa cha kichwa. Akamfunika uso. Akaenda kazini.

Saa tatu nahodha Ackson alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mizani ya samaki, midomo imepasuka. Watu walitaka kumrudisha ziwani na jiwe shingoni.

"Ulikunywa?" Nkonde aliuliza.

"Lutuku kidogo, sajini. Lakini bwato lilikuwa zito mbele ya kuondoka! Shefu Sampa akanionyesha ubao wake: batu arobaini. Akasema mashini inajua kuliko weye."

"Na marobota ya Valère mufanyabiashara? Si ndiyo yaliongeza uzito?"

"Yako pale inchi kavu. Yeye mwenyewe ameyakalia, analia."

Kweli, yalikuwa pale, makavu.

Shefu Sampa, mkubwa wa mabwato, alifika na shati la pasi. Mwaka ule wa 1977 alivaa mashini ya hesabu kiunoni kama bastola. Juma lililopita aliwapima wasafiri kwenye mizani ile, akaingiza kilo za kila mmoja. Mashini hukusanya kilo, huhesabu kila namba iliyoingizwa kuwa mtu mmoja, halafu hutoa wastani wa uzito wa mtu. Kwa uzito huo ndipo aliamua bwato libebe arobaini.

"Mufunge ule mulevi, tuzike batu," alisema.

Nkonde alimgeukia Mable, aliyeokoka. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa mgongoni mwake, ndani hamna mtu.

"Mama, pa kupanda bwato munahesabiwa namna gani?"

"Mutoto wa mugongoni hahesabiwe, tata. Tangu zamani. Mama ni mutu mumoja."

"Na siku ya mizani?"

"Nilipanda naye mugongoni."

Nkonde akachukua mfuko wa mchanga, akamfungia Mable mgongoni. Watu wakamlaani. Hakusikia.

"Panda, mama. Na weye Shefu, pima kama siku ile."

Mshale ukasimama kwenye sitini. Sampa akafuta hesabu ya zamani, akaingiza sitini. Halafu kidole chake, kwa mazoea tu, kikabonyeza ziro, kikaiingiza nayo.

"Hiyo ziro ni ya nani?"

Macho ya Sampa yakaenda kwenye mfuko wa mchanga.

"Soma. Batu wangapi?"

"Babili."

"Kilo za mutu mumoja?"

"Makumi tatu."

"Mama muzima, kilo makumi tatu! Kwa mashini yako mutoto ni mutu, pa kupanda bwato si mutu. Basi arobaini yako ilizidi nguvu ya bwato. Ulijua?"

"Nilijua!" Sampa alipaza sauti. "Bakubwa ba serikali kule Mansa walitaka namba kubwa. Bwato likibeba batu kidogo, wananifukuza! Nilifikiri ziwa litatulia."

Nkonde alimfungua Ackson bila kumwomba radhi, na kamba ileile yenye damu akamfungia Sampa. Mable alikuwa bado juu ya mizani, anaupapasa mchanga kama vile unalia.

"Na bale ba Mansa, sajini?" mtu akauliza.

"Bale watakuja kwenye mazishi," Nkonde alisema. "Muwawekee viti. Wahesabu maiti, na batoto ba mugongoni pia."